Picha ya Mjinga, Siku ya Ngoma

Bwana sinema, Mzungu aliyesimamia gari la serikali la kuonyesha picha, aliniuliza kama picha ya mjinga inaweza kuonyeshwa siku ya mwisho ya mashindano ya ngoma, nami nikamjibu kwamba inaweza. Tulikuwa kando ya gari, yeye ameegemea bodi, mimi nafuta vumbi kwenye makopo ya mikanda. Hakuniamuru. Nataka hilo lieleweke, maana kwa miaka mingi niliwaambia watu, na nikajiambia mwenyewe, kwamba ile ilikuwa amri ya Mzungu, na amri ya Mzungu siku zile haikukataliwa. Sivyo. Aliniuliza kama mtu anavyomwuliza fundi wake. Kuchagua picha ilikuwa kazi yangu, na mara nyingi kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia hii isionyeshwe hapa, naye akanisikiliza. Siku ile ningesema, "Hapa tuonyeshe ya pamba, bwana," tungeonyesha ya pamba.

Mjinga wa picha ile alikuwa baba yangu mzazi. Na baba yangu huyo huyo ndiye aliyekuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa upande mmoja wa mashindano hayo.

Ili mtu aelewe kwa nini nilikubali, inabidi kwanza nieleze kazi yenyewe, na sitaificha fahari yangu. Nimezeeka, nimefanya makosa mengi, lakini kazi ya kuchagua picha niliijua.

Ilikuwa miaka ya baada ya vita kuu ya pili. Serikali ilikuwa na gari la sinema lililozunguka Shinyanga, likapita Geita hadi vijiji vya ziwani karibu na Chato. Ndani yake tulikuwa watatu: bwana sinema, dereva wetu ambaye alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mtu mzima mwenye kanzu safi kila Ijumaa, na mimi, niliyetoka sekondari na kuajiriwa kwa sababu nilijua Kiingereza, Kiswahili na Kisukuma. Tulifunga shuka jeupe kati ya miti miwili, tukawasha jenereta, na giza likianza kuingia tukaonyesha picha. Zote zilikuwa fupi. Nyingi hazikuwa na sauti, au sauti yake ilikuwa Kiingereza kitupu, kwa hiyo nilishika kipaza sauti nikawa mimi ndiye ninayesema kwa niaba ya kila mtu aliyeonekana pale: mfalme, ng'ombe, mkunga, bondia.

Mwanzoni bwana sinema alichagua mwenyewe, na watu walikimbia. Siku moja tulikwenda kwenye kambi ya wachimbaji wa dhahabu Geita. Walikuwapo watu wa kila kabila, Wanyamwezi, Waha, Wajaluo, Wasumbwa, Wazinza wenye nchi yao, wametoka kwenye mashimo tangu alasiri na wamenawa vumbi usoni tu. Bwana akawawekea picha ya namna ya kuchimba choo. Mchimbaji mmoja aliyekaa mbele kabisa akanyanyuka akaniambia, huku wenzake wakimsikiliza:

"Mwalimu wa picha, sisi kutwa nzima tumo shimoni. Na jioni umetuletea shimo?"

"Hili ni la afya, ndugu yangu," nikasema.

"Basi na lako liwe na dhahabu, tutakaa."

Kambi nzima ilicheka, kisha ikaondoka. Tulibaki na watoto wa mpishi na mbwa wawili. Usiku ule, wakati wa kukunja shuka, nilimwambia bwana sinema kwamba angeniachia mimi nichague, wale wale wangekaa na wangeitazama hata ya choo. Akasema haya, tuone.

Kesho yake nilianza na picha ya ngumi. Mabondia wawili tu, dakika chache, nami nikawatangaza mmoja kuwa mchimbaji na mwingine kuwa mnunuzi wa dhahabu. Sikuhitaji kusema zaidi. Baada ya hiyo nikaweka picha ya treni inayopita mbuga na vituo, kwa sababu niligundua kuwa mtu aliye mbali na kwao hukaa kimya akiona treni, na aliyekaa kimya unaweza kumwambia jambo. Ndipo nikaweka ile ya choo. Nikamalizia na kichekesho cha mtu aliyekuwa akigombana na punda. Hakuna aliyeondoka. Yule aliyenitania jana alikuja kunishika mkono akasema, "Leo shimo lako lilikuwa na dhahabu kidogo."

Kutoka hapo nilijenga ujuzi wangu. Kwa wavuvi wa ziwani sikupeleka kamwe picha ya uvuvi wa nchi nyingine kama funzo. Nilipeleka kama kichekesho, maana walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega kuona jinsi wenzao wanavyotupa nyavu. Kwa akina mama wa Ngokolo picha waliyoipenda haikuwa ya malezi kama bwana alivyodhani. Ilikuwa picha ya habari, ya maharusi wa kifalme, na waliitaka irudiwe ili watazame nguo. Nikiirudia, walikubali baada yake kuona ile ya kumwogesha mtoto, na kuikosoa kwa sauti: "Huyo mama anamshika mtoto kama kuku." Kwa wafugaji wa upande wa Mwakitolyo nilianza na picha za wanyama wa porini. Simba akionekana, hata wazee wenye shaka na mashine walisogea. Hadithi za kusikitisha niliziweka mwezi wa mavuno, watu wakiwa wameshiba. Mwezi wa njaa niliweka vichekesho.

Magari mengine ya sinema yakipita Shinyanga, watangazaji wake walikuja kuniuliza. Niliwaambia kwamba picha haipendekezwi kwa sababu ni nzuri. Hupendekezwa kwa mtu fulani, mahali fulani, siku fulani. Na niliwaambia kanuni yangu kubwa: usimwonyeshe mtu kidonda chake siku ambayo kimeguswa. Mpaka leo wajukuu wakinionyesha picha zao za kwenye simu wakiniuliza ipi ipelekwe kwa bibi yao mgonjwa, nawachagulia, na sijawahi kukosea. Yaani kwa bibi yao sijawahi.

Sasa kuhusu picha ya mjinga. Siku zile serikali ilitaka watu wapunguze ng'ombe, ikisema malisho yanakwisha na ardhi inachukuliwa na mvua. Watu hawakutaka kusikia. Basi akaja mpiga picha, Mzungu kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, kutengeneza picha fupi ya majirani wawili, mmoja mwerevu anayeuza sehemu ya mifugo yake akanunua jembe la kukokotwa, na mwingine mjinga asiyetaka kuachana na hata ndama mmoja, mpaka kiangazi kinamwachia mifupa. Mwerevu alipatikana upesi, karani mmoja wa pamba. Mjinga akakosekana. Kila aliyejaribiwa aliitazama mashine kama anayesubiri kupigwa.

Nikampendekeza baba.

Baba yangu alikuwa mwembamba, mrefu, na mwenye uso ambao ungeweza kuusoma kutoka upande wa pili wa uwanja. Alikuwa amezoea kutazamwa. Aliposikia anatakiwa kucheza mjinga alicheka, akamwambia mama, "Mjinga huchezwa na mwenye akili. Mjinga wa kweli angeharibu." Akaingia kazini. Aliazima ng'ombe waliokonda kwa majirani. Alijifunga shuka kuukuu la kaniki. Kulikuwa na mahali ambapo mjinga anamlisha ng'ombe wake paa la nyumba, nyasi kwa nyasi, kisha mvua inanyesha akiwa ndani. Hakuna aliyemfundisha kufanya alichofanya pale. Alikaa chini ya tundu, mvua ya ndoo inamwagwa juu yake, akamtazama ng'ombe wake kwa upendo, akamsogeza ili asilowe. Mpiga picha aliacha kuzungusha mashine kwa sababu alikuwa anacheka.

Picha iliporudi kutoka ilikosafishwa, ikawa ndiyo bora katika sanduku letu lote. Nasema hivyo nikiwa nimetazama mamia. Geita wachimbaji waliiomba kwa jina: "Tuwekee Mjinga." Wavuvi waliiomba. Watu ambao wangempiga mawe afisa wa mifugo waliketi wakamtazama baba akilisha ng'ombe paa, wakacheka, wakaenda nyumbani wanawaza. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema maneno yake. Nilimtengenezea sauti nyembamba ya kukwama kwama ambayo haikufanana na yake hata kidogo, kwa sababu sauti ya baba ilikuwa nzito, sauti ya kuongoza watu mia. Watoto wa vijiji vyote waliiga sauti ile. Baba mwenyewe alikuja kuiona tulipoonyesha Ngokolo. Alikaa katikati ya watu, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati, na mtu wa jirani alipomwambia, "Mzee, yule jamaa kama wewe," akajibu, "Yule ananizidi."

Lakini msimu wa ngoma ulipokaribia aliniita.

Lazima nieleze mashindano yale kwa asiyeyajua. Baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma hukutana kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake, na huimba kwa siku kadhaa, kila upande na duara lake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Wanaoamua ni watazamaji, kwa miguu yao. Manju mwenye nyimbo kali, mwenye dhihaka tamu, mwenye wachezaji wanaorusha majembe na nyoka na vinyago, ndiye watu wanayemwendea, na siku ya mwisho jua linapozama, duara lenye watu wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo kila manju hutafuta dawa ya kuvuta watu, na kila manju hutafuta jambo la kumdhihaki mwenzake. Baba alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo. Wazee wa chama chake walikuwa wamemwambia kwa heshima, lakini waziwazi, kwamba akishindwa tena watampa ngoma manju mwingine. Alikuwa amekaa masika yote akitunga. Nikija nyumbani nilimsikia asubuhi akiwa zizini, anaimba nusu nusu, anaacha, anarudia.

Nilimkuta anasuka kamba. Nikampigia magoti kidogo kama desturi, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha kigoda.

"Ile picha yetu," akasema. "Ni nzuri. Ipeleke Geita, ipeleke ziwani, ipeleke kwa Wazinza. Ila wiki ya ngoma iweke mbali na uwanja."

"Baba, watu wanaipenda mno. Wanakupenda wewe."

"Wanampenda mjinga. Uwanjani mimi si mjinga. Mtu hawezi kuwa na nyuso mbili mbele ya watu wale wale siku moja, mwanangu. Watachagua mmoja."

Nikasema sawa, baba. Nilisema sawa kwa mdomo.

Wiki moja baadaye bwana sinema akaniuliza swali lile kando ya gari. Alitaka picha ile kwa sababu pale ndipo wafugaji wengi wangekuwapo kuliko siku yoyote ya mwaka. Na mimi niliwaza nini? Niliwaza kwamba baba haelewi mambo ya picha kama mimi. Niliwaza kwamba nitaianza baada ya jua kuzama, mashindano yakiwa yamekwisha, baba ameshinda, na hapo watu wote wa pande mbili watamwona manju mshindi akiwa pia mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuonekana kwenye shuka. Nilitaka kuwa mimi nitakayewaonyesha. Nilimwonea baba fahari, hilo ni kweli, lakini katika fahari hiyo nilikuwa nimejiwekea kiti cha mbele.

Dereva aliposikia alinitazama akasema, "Bwana mdogo, mashine hii haimjui baba wa mtu." Nikamwambia aangalie usukani wake.

Siku yenyewe tulifika uwanjani alasiri. Maduara mawili yalikuwa yamejaa, na mtu mwenye macho angeona kuwa la baba lilikuwa kubwa zaidi. Lilikuwa kubwa sana. Nilisimama juu ya gari nikamwona katikati, amevaa manyoya, kengele miguuni, anaimba wimbo mpya na watu wanaitikia mpaka nilihisi mtikisiko kwenye bati. Mama alikuwa mstari wa mbele na wanawake wenzake, wanapiga vigelegele. Sijawahi kumwona mama akiwa kijana isipokuwa dakika ile.

Tukafunga shuka mwisho wa uwanja. Bwana akasema nitangaze, kama tulivyofanya kila mahali, ili watu wajue. Jua lilikuwa bado juu ya vichaka. Ningeweza kungoja. Nikashika kipaza sauti, nikasema kwa Kisukuma kwamba jioni hii, hapa hapa, ataonekana Mjinga. Kisha, kwa sababu nilizoea kufanya hivyo na watu walipenda, nikasema neno moja kwa ile sauti nyembamba.

Kicheko kilitoka kwenye duara la baba. Kilitoka kwa watu wake mwenyewe, kwa sababu hao ndio waliomjua, na ndio waliokuwa na haki ya kujivuna naye. Watoto wakakimbia kwanza kuwahi nafasi mbele ya shuka. Mama zao wakawafuata kuwakamata, wakakaa. Vijana wakaja kwa sababu wasichana wamekuja. Mtu akishapata nafasi nzuri mbele ya sinema haiachii. Hilo mimi ndiye niliyekuwa nalijua kuliko mtu yeyote uwanjani. Duara la upande wa pili halikusogea sana. Kwao Mjinga hakuwa mtu wao.

Nilizima kipaza sauti. Nikawaambia watu warudi, bado mapema, picha bado. Wakaniambia nisijali, watangoja.

Baba hakuacha kuimba. Aliimba wimbo mpaka mwisho, akaanza mwingine, na wakati jua linazama alikuwa na wapiga ngoma wake, wazee wachache, na mama. Manju wa upande wa pili hakuhitaji dawa. Aliongoza watu wake wakapita polepole mbele ya duara lile lililo wazi, wakiimba kwamba manju wa hapa ameshindwa na mjinga wa hapa, na kwamba wote wawili ni mtu mmoja. Watu waliokaa mbele ya shuka langu waligeuka kutazama, wengine wakacheka tena. Baadaye nilisikia ikisemwa vijijini kwamba dawa ya mshindi mwaka ule ilikuwa kali mno. Sikumsahihisha mtu.

Tulionyesha picha. Sikumbuki nilisema nini kwenye kipaza sauti. Dereva aliniambia baadaye kwamba nilisema vizuri tu, kama kawaida.

Asubuhi nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amekwisha kamua ng'ombe. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono.

"Watu walikuwa wengi?"

"Walikuwa wengi, baba."

"Walikaa mpaka mwisho?"

"Walikaa."

"Basi kazi yako unaijua," akasema, akanipa maziwa nimpelekee mama.

Hakunifokea, siku ile wala siku nyingine. Nilipooa alinisimamia kila kitu. Alinipokea kila nilipokuja, akaniuliza habari za Geita, akacheka na habari za wachimbaji. Chama kilichukua manju mwingine msimu uliofuata, kijana mwenye sauti nzuri, na baba alikwenda kumsikiliza akisimama nyuma. Yeye mwenyewe hakuimba tena. Si uwanjani, si harusini, si zizini asubuhi. Vijana walikuja kumwomba awafundishe zile nyimbo za msimu ule, zilizosikika siku chache tu. Akawaambia amezisahau, na wote tulijua kwamba manju hasahau. Mwishoni mwa miaka ya hamsini tulipata kwenye gari mashine ya kunasa sauti. Niliibeba hadi nyumbani, nikaiweka mbele yake, nikamwomba wimbo mmoja tu. Aliigeuza geuza, akasifu ilivyotengenezwa, akauliza kama inanasa na mlio wa kuku. Tukanasa kuku.

Alifariki kabla nchi haijapata bendera yake. Nilikuwa nimeishi mbali naye tangu utoto, shuleni kisha kwenye gari, nikidhani nyimbo zake zitaningoja. Kila picha niliyoonyesha naikumbuka, na naweza kukwambia ilifaa kwa nani. Katika nyimbo za baba yangu najua viitikio vitatu, na sijui hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Waliozijua wamekufa. Kukubali kwangu siku ile kulinigharimu sauti yake, na kukawanyima wanangu nyimbo ambazo zilikuwa haki yao, na hazipo tena mahali popote.